Kioo cha Juu ya Mlango

8 Septemba

Kaka Randa,

Shikamoo. Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi inayojifanya haijafika. Mimi sijambo, ila vidole vina plasta, kama kawaida ya mkata vioo. Siku nikija nyumbani bila plasta mtasema mmeletewa mtu mwingine. Mama hajambo? Sikio lake zima bado linasikia, au na lenyewe limeanza kuringa? Msalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anakumbuka kila alichoahidi, wasijisumbue kunikumbusha.

Karakana kwetu kazi zimejaa. Bosi, yule tunayemwita Usivunje kwa kuwa ndiyo salamu yake ya asubuhi, amenihamishia meza ya dirishani. Sasa nakata kioo huku naona miti, najiona mkurugenzi.

Nije kwenye la maana. Kibali changu kinakwisha mwisho wa Februari, na safari hii ofisi ya wageni haina kuongeza kidogo kidogo. Ama niombe ukaazi wa kudumu, ama nifunge mizigo. Usivunje anasema niombe, yeye atanidhamini. Mwenzangu wa meza ya pili naye anasema niombe. Yeye aliomba zamani, akiwa na nia ya kurudi kwao mwakani, na kila mwaka bado ananiambia ni mwakani. Nilimtembelea juzi. Chini ya kitanda chake kuna masanduku yamefungwa kamba, tayari kwa safari, na vumbi limeyakalia mpaka yamebadilika rangi. Chai yake niliiacha nusu.

Maana ukishapewa ukaazi huo, lazima uishi huku kweli, usitoke kwa muda mrefu. Na kwenye mahojiano wanakuuliza ana kwa ana kama unakusudia huku ndiko kuwe kwenu. Nijibu nini mimi? Mpango unaujua. Nimalize baridi hii, nirudi kwenye nyumba niliyoijenga kwa baridi zote zilizopita na wewe ukaitengenezea kila mlango, tufungue karakana moja, milango ya Randa na vioo vya Kitinda. Na Mama ameshaapa kuwa siku hiyo atakayenifungulia ni yeye, si wewe wala wifi.

Ndiyo maana nataka kumtengenezea kioo cha kile kidirisha cha juu ya mlango wa mbele, ulichokiziba kwa ubao. Nitakichora majani. Nitumie vipimo vya sentimita, pande zote, na pembe kwa pembe. Usinipimie kwa kiganja kama ulivyonipimia viatu.

Msomee Mama. Najua atakunyang'anya aisome mwenyewe.

Mdogo wako,
Kitinda


2 Oktoba

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Barua yako imefika, nimemsomea Mama, halafu akavaa miwani yake yenye mguu wa uzi akaisoma tena ili anikosoe. Hajambo. Wifi yako hajambo, watoto wanakua na kula kwa kushindana. Mimi mgongo unanisumbua kidogo, ndiyo malipo ya kuinamia mbao.

Mama yuko hapa pembeni yangu anangoja nimalize. Siku hizi hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii, hakuna barua inayotiwa gundi kabla haijapita kwenye sikio lake, na akiwa na shaka anaomba karatasi. Simu ameikataa kabisa. Anasema maneno ya simu hayana mwenyewe, ila mtu akiandika kwa mkono wake ameandika.

Habari nyingine ni za kawaida. Wale wachimba mchanga bado wako mtoni nyuma ya nyumba, na wameongezeka. Malori yanaanza alfajiri. Mama hasumbuliwi na kelele, walau sikio lake limemfaa. Kamba ya kuanikia nguo nimeisogeza karibu na ukuta.

Vipimo ni hivi. Upana tisini juu na tisini chini. Urefu thelathini kushoto na thelathini kulia. Pembe kwa pembe zinalingana. Nilipima mwenyewe siku nilipoifunga fremu, na kalamu niliyoandikia bado iko nyuma ya sikio langu.

Kuhusu ukaazi, uombe. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Huko una meza ya dirishani na bosi anayekujali. Karakana yetu itangoja, na nyumba ni nyumba tu, mtu halali kwenye vyumba viwili. Nimemsomea Mama mstari huu, amenikata jicho ambalo hata huko utaliona. Anasema niandike kuwa yeye anakungoja. Basi nimeandika.

Kaka yako,
Randa


27 Oktoba

Kaka Randa,

Shikamoo, na pole ya mgongo. Mwambie wifi akukande kwa maji ya moto, ukipiga kelele asikusikilize. Mama, shikamoo na wewe, najua unasikiliza. Huku miti imemwaga majani yote. Nimenunua koti jipya linalonifanya nionekane godoro.

Kioo nimekianza. Nakichora baada ya saa za kazi, na Usivunje ameniruhusu kutumia mashine ya kusagia kingo. Alikuja akasimama nyuma yangu muda mrefu, nikajua atasema usivunje. Akasema ni kizuri. Nusura nikivunje.

Sasa Kaka, barua yako imeniacha njia panda. Ni wewe huyu uliyelia siku naondoka mpaka dereva akazima redio? Ni wewe uliyekuwa ukimaliza kila barua kwa kuuliza narudi lini? Leo unaniambia nibaki, nyumba ni nyumba tu. Umepata mkata vioo mwingine? Nilikupigia Jumapili nikuulize kwa sauti. Ukasema kila kitu shwari, tutaandikiana, ukakata. Hukuniuliza hata kama nimekula, na hilo hujawahi kuliacha.

Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita nilishuka kwenye basi, nimechoka, mikono imekufa ganzi, na nikajikuta nasema moyoni, afadhali nimefika nyumbani. Nilimaanisha chumba hiki, chenye dirisha moja na jiko la kuwasha kwa kubonyeza. Nilisimama mlangoni na funguo mkononi, nikaona aibu kama mtu aliyefumaniwa. Basi usinisukume upande huo, maana kumbe sihitaji kusukumwa sana. Nivute nirudi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako siku zote.

Kitinda


22 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na baridi. Mama hajambo, anasema koti la godoro ni sawa tu, heri uchekwe kuliko uugue. Ameomba umchoree majani mapana, membamba macho yake hayatayaona.

Wifi yako na watoto wamehamia kwenye vyumba vya kupanga karibu na karakana yangu. Shule iko jirani. Mimi nimebaki hapa na Mama, maana nilimwomba twende sote akasema wewe ukija utamkuta hapa hapa. Mtaa umetulia. Fundi cherehani amehama, kinyozi naye amehama, na yule jirani mwenye kuku ameondoka na kuku wake wote. Asubuhi sasa tunaamshwa na malori peke yake.

Mlango wa jikoni nimeupigilia misumari, tunapita mbele. Kamba ya nguo nayo nimeileta mbele. Milango ya vyumbani inakaba, inabidi niirande mara kwa mara ndipo ifunge. Mama anasema mbao zangu zimeanza uzee kabla yangu. Nikishairanda inafunga vizuri, naye anaifungua na kuifunga mbele yangu ili nione kuwa nyumba ni nzima. Halafu wiki inayofuata inakaba tena.

Narudia nililosema. Omba ukaazi huo. Na ukishaomba, mwandikie Mama kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, kuwa hutarudi na asikungoje. Mtu asiye na wa kumngoja anaweza kwenda kukaa na wajukuu zake. Nimemsomea na haya pia. Hakukasirika safari hii. Alicheka, akasema, "Andika, tuone kama mkono wake utakubali."

Nakuomba, Kitinda. Sijawahi kukuomba kitu.

Kaka yako,
Randa


19 Desemba

Kaka,

Shikamoo. Mama, shikamoo. Kama unasoma mwenyewe, barua hii ina maneno makali na si yako.

Fundi cherehani amenipigia simu. Alipata namba yangu kwa binti yake, akataka kunijulia hali, na katika kupiga soga akasema Randa anafanya kazi nzuri ya kuokoa mali. Mali gani, nikamuuliza. Akasema umeng'oa madirisha ya nyuma ya nyumba yangu, fremu na vyote, umeyapakia kwenye mkokoteni ukayapeleka karakana kwako. Akadhani najua. Nilipomuuliza zaidi akakumbuka ana sufuria motoni.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Umemhamisha wifi taratibu, umepigilia mlango wangu misumari, unang'oa madirisha yangu, na mimi unaniandikia nibaki huku, nimwambie Mama aondoke. Miezi yote hii ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilifikiri umechoka kuningoja. Kumbe una haraka nisirudi. Kama uliitaka nyumba ungeniambia. Ningekupa chumba, ningekupa uwanja mzima wa mbele ujenge, wewe ni kaka yangu. Lakini kumtoa Mama ili uibomoe vipande vipande, hilo sikujua unaliweza.

Nimekata shauri. Siombi chochote. Kibali kife mwisho wa Februari, wamenipa muda kidogo wa kufunga mizigo baada ya hapo, na mwezi wa nne naingia nyumbani. Nimeshamwambia Usivunje. Alichukua ufagio akaanza kufagia vipande ambavyo havikuwepo.

Mama, narudi. Niandalie chumba changu. Kioo chako kimekwisha, majani ni mapana kama ulivyotaka, na utanifungulia mwenyewe.

Kitinda


16 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Maneno yako nimeyasoma yote. Mama naye ameyasoma. Juu ya madirisha sitakujibu.

Mama ana furaha ambayo sijaiona tangu baba alipokuwa hai. Ametandika, amefua mapazia, na amehamisha kitanda chake kwenda chumba cha nyuma kabisa ili wewe upate cha mbele chenye hewa. Nilimkatalia. Nilisimama mlangoni nikauzuia kwa mwili wangu. Alipita chini ya mkono wangu na mto wake. Sasa analala huko, madirishani nimeweka maturubai, naye anasema anapenda upepo. Mimi nalala sakafuni, kwenye mlango wa chumba hicho.

Mvua za masika mwaka huu zina haraka. Huko juu milimani zimeshaanza, mto umekuwa mwekundu.

Kuhusu kile kioo, usikifunge kwenye sanduku bado. Nimepima upya kidirisha cha juu ya mlango wa mbele, nakuandikia kama fundi kwa fundi. Upana tisini. Urefu kushoto thelathini. Urefu kulia ishirini na sita. Pembe kwa pembe hazilingani tena, moja imezidi nyingine. Nilipima pia kabla ya mwaka mpya, kulia ilikuwa ishirini na nane na nusu. Kidirisha hicho kiko mbele, mbali na mto kuliko vyote. Vya nyuma siwezi kukupimia, havipo.

Nimemsomea Mama vipimo hivi kimoja kimoja. Amepiga miayo, akasema mafundi mnajua kuchosha watu, tia gundi.

Randa


8 Februari

Kaka yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Nisamehe. Nilisoma vipimo vyako nimesimama kwenye meza, nikajiambia Randa amezeeka, amekosea. Kisha nikakumbuka hujawahi kumtumia mtu kipimo kisicho cha kweli, hata pale ulipotaka kumkomoa mteja. Nikachukua karatasi nikachora fremu ile kama ulivyoipima sasa, nikaichora kama ilivyokuwa kabla ya mwaka mpya, nikaweka moja juu ya nyingine. Nikaita jina la Mama kwa sauti. Usivunje alidhani nimejikata.

Nikakupigia. Nilikuuliza swali moja tu, kama ukingo wa mto umefika chini ya chumba cha nyuma. Nikasikia malori, nikasikia pumzi yako, ukakata. Najua Mama alikuapisha usiniambie. Sihitaji unijibu, namjua. Alijua nikisikia ardhi inaondoka nitasema basi, sina pa kurudi, na hilo ndilo analoliogopa kuliko mto. Ukaambulia kuniandikia kuhusu kamba ya nguo. Ilikuwa nyuma, ikaja ukutani, ikaja mbele, na mimi nilikuwa nacheka koti langu.

Na barua yangu ya Desemba ndiyo iliyompeleka chumba cha nyuma. Nilipoliona hilo niliketi sakafuni kama mtoto.

Basi kesho naomba ukaazi. Usivunje ameandika barua yake ya udhamini leo leo, kwa mkono, bila kuniuliza chochote. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Mama. Nimeituma kwa njia ya haraka kupita zote. Mpe hiyo mkononi, usimsomee, na barua hii yangu uifiche. Nimejaribu mara nyingi. Mara zote herufi zilikuwa zinatetemeka, nikajua ataziona na kusema mkono umekataa. Hii ya mwisho imenyooka. Nimeiandika vile ninavyokata kioo, kwa mkono mmoja usiosimama njiani.

Kaka, lala mlangoni hapo hapo mpaka atoke.

Kitinda


(Karatasi ya Mama)

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimekuandikia mwenyewe, na hakuna aliyenishika mkono.

Nimeomba kuishi huku moja kwa moja. Sirudi mwezi wa nne. Sirudi baada ya hapo pia. Huku nina kazi, nina chumba, nimezoea. Nyumba ile siitaki tena, Kaka aifanye anavyotaka. Usinitandikie. Usinifulie mapazia. Nenda ukakae na wajukuu zako, na mlango usingoje kuufungua, maana hakuna anayekuja.

Ni mimi,
Kitinda wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Naandika kwenye meza ya wanangu, kati ya madaftari yao, na leo hakuna anayengoja nimsomee. Wifi yako anakusalimu, amelia sana lakini hajambo. Sote tu wazima. Nimeanza na hilo kwa kuwa najua utaruka mistari ukilitafuta.

Barua yako ilifika mvua ikiwa imekwisha kuanza. Nilimpa mkononi. Alivaa miwani, akasoma, akarudi mwanzo akasoma tena, akapitisha kidole juu ya herufi kama mtu anayetafuta ufa. Nilikuwa nimeomba Mungu aamini, na alipoamini nikatamani asingeamini. Hakulia. Alikunja karatasi, akaingia chumba cha nyuma, akatoka na mto na shuka. Akaniuliza mkokoteni uko wapi. Viongozi wa mtaa walishakuja kumtoa akawaambia hasikii. Mimi nilishapiga magoti. Na kumbe kilichohitajika ni mistari ile michache yako.

Jioni ile ile akalala hapa, kati ya wajukuu, ameupa ukuta uso. Jina lako hakulitaja. Siku iliyofuata hakulitaja. Mimi nilikatazwa na kiapo nisikuambie wewe, sasa nikawa siwezi kumwambia yeye, maana angejua umemdanganya angerudi kule kwa miguu.

Nyumba iliondoka siku ya soko, mchana, watu wakiangalia. Chumba cha nyuma kilikwenda kwanza, kizima, kama mtu anavyovuta droo. Halafu jikoni. Ukuta wa mbele ulibaki umesimama peke yake hadi saa ya chai, mlango umefungwa, na nyuma yake hakuna kitu, mto tu. Mama alitaka kuona, nikampeleka. Alisimama muda mrefu akiutazama ule mlango. Ukuta ulipoanguka hakushtuka.

Njiani kurudi ndipo alipozungumza. Alitoa karatasi yako kifuani, ilikuwa huko siku zote, akaniuliza kama ulijua. Nikamwambia ulijua, kwa vipimo. Alicheka, Kitinda, alicheka mpaka akashika mti. Alisema alijua tu mwandiko ule umenyooka kupita kiasi, mtoto wake hajawahi kuandika mstari usiopanda juu. Alifurahi kama aliyefufuliwa. Kisha akasema nikuandikie haya, neno kwa neno, na nimwapie kuwa sitayabadilisha. "Mwambie kumbe aliandika kwa ajili ya ukuta. Sasa ukuta umeanguka. Anarudi lini?"

Amekwishanituma nikatafute ubao wa mlango mpya. Chumba chake hiki cha kupanga kina mlango mbovu, anasema hawezi kukufungulia kwa huo. Anaamka mapema kila siku kumuulizia mtu wa posta.

Kaka yako,
Randa


26 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusikia u mzima na unacheka. Sisi huku tunaendelea vizuri. Baridi imekwisha, miti imeanza kutoa majani, na lile koti la godoro nimelitundika. Usivunje anakusalimu, ameniuliza habari zako kila siku tangu Machi. Karakana amechukua fundi mpya, msichana mmoja kutoka mbali kama mimi, na mimi ndiye ninayemfundisha. Anashika kalamu ya kukatia kama kijiko. Namwambia usivunje, halafu najisikia kucheka.

Waambie watoto nimesikia habari za madaftari yao. Wifi nimshukuruje. Kaka asiinue mbao peke yake na mgongo ule.

Kwenye mahojiano nilikwenda. Palikuwa na mama mmoja wa makamo, mpole, ana maua mezani. Alinisomea lile swali la kuishi huku taratibu, akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa, Mama, nilijua nitasema ndiyo kwa ulimi tu, moyo uko kwenu. Nikasema ndiyo. Nilingoja sauti itetemeke. Haikutetemeka. Alitabasamu, akagonga muhuri, na karatasi ikaja baada ya wiki chache. Iko kabatini. Mwenzangu wa meza ya pili alininunulia keki. Aliniuliza masanduku yangu nimeyaweka wapi, nikamwambia chini ya kitanda.

Kioo chako kilikaa karakana muda mrefu kimeegemea ukuta. Kilikuwa kizuri, majani mapana kama ulivyosema. Usivunje hakutaka kiondoke, lakini kilikuwa kinapata mikwaruzo, watu wanapita karibu nacho. Jumamosi nilikipeleka kwangu. Dirisha la jikoni lilikuwa na ufa tangu nihamie. Nikapima, pande zote na pembe kwa pembe. Kilikuwa kimezidi kidogo tu. Nikakikata hapo hapo mezani, kikapasuka sawasawa, bila kelele, na kimeingia. Asubuhi jua likipiga, majani yanaonekana ukutani.

Mlango mpya Kaka autengeneze wa mbao ngumu. Autie na bawaba nzuri, usikupe taabu kuufungua.

Nitaandika tena. Kula vizuri, na usitoke kwenye mvua kumngoja mtu wa posta.

Ni mimi,
Kitinda wako